Kiapo cha Sukari

Nianze na hili, maana mtaani kwetu wanalizunguka tu: Yeshimebet hakuwa amelewa. Mimi ndiye niliyesema amelewa. Nilisema kwa sauti, mlango wazi, majirani wakasikia, na kwa kuwa mimi Asnakech ndiye mwenyekiti wa idir ya wanawake wa chini ya kanisa la Mikaeli hapa Debre Birhan, neno langu likashika. Hakuwa amelewa. Hakuwa ameonja hata tone.

Idir yetu ni chama cha kuzikana. Tuna hema moja, masufuria matatu makubwa, mabenchi, na sanduku la bati la kutunzia vikombe. Mtu akifa, hata kama jana mlitukanana, unakwenda. Unapika, unalia, unakaa na wafiwa siku tatu. Usipokwenda kwa mwenzio, siku yako utakaa peke yako na maiti wako. Hiyo ndiyo sheria na haina mjadala.

Sasa mwaka juzi tukazika watu wanne wa kisukari kati ya Pasaka na Pasaka. Gashe Tefera, yule fundi cherehani, alipona lakini mguu aliuacha hospitali. Hema letu halikupata hata nafasi ya kukauka. Nikaitisha kikao nikawaambia: "Hivi jamani, sisi tumekuwa kunguru? Mpaka mtu afe ndipo tumjue? Kuzika tu hodari, kuuguza goigoi!"

"Sasa tufanyeje, Etye Asnaku?" akauliza Zenebech. Zenebech ni mdogo wetu kwenye idir, ndiyo maana ananiita Etye, dada mkubwa; ana madarasa kumi na anapenda kuuliza.

"Tuwalinde wagonjwa wetu kabla hawajafika kwenye hema," nikasema. Wakapiga makofi. Nami nikajisikia mtu, siwezi kukataa.

Mgonjwa niliyemfikiria kwanza alikuwa Yeshimebet. Yeshi alikuwa jirani yangu wa ua mmoja kwa miaka ishirini na sita, shoga yangu wa kufa na kuzikana. Kazi yake kupika tela, pombe yetu ya shayiri, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko pombe yake. Alikuwa anajichoma sindano ya insulini kila asubuhi, lakini leo anachoma, kesho anasahau, na mkate wa asali ukipita mbele yake haupiti salama. Binti yake mmoja tu, Hirut, yuko Uarabuni anafanya kazi za ndani. Siku moja alipiga simu, Yeshi akaniwekea sikioni.

"Etye Asnaku," Hirut akasema, "mama namkabidhi kwako. Yeye simwamini, wewe nakuamini. Narudi Pasaka ya mwaka ujao. Nataka nimkute."

"Utamkuta," nikamwambia. "Utamkuta na miguu yake yote miwili."

"Kwani mimi mbuzi, mnakabidhiana?" Yeshi akadakia huko nyuma, tukacheka wote watatu.

Tukaomba kituo cha afya watuletee mtu wa kutufundisha. Akaja nesi, Sista Meseret, binti mpole mwenye miwani. Alikaa uani kwangu akatuchorea mguu kwenye kipande cha boksi. Akatueleza sukari ikipanda mwilini inakuwaje: kiu isiyoisha, macho kupata ukungu, kidonda kisichofunga, mpaka kisu cha daktari. Gashe Tefera alikuwa analia kimyakimya kwenye benchi. Mwisho Sista akasema: "Leo tumesoma kupanda. Jumanne ijayo tutasoma kushuka. Msikose, mama zangu. La kushuka ndilo linalokwenda mbio zaidi."

"Kushuka si ndiko tunakokutaka?" akasema mmoja.

"Ishuke tu, hata ikitaka iingie chini ya ardhi!" nikasema mimi, wakacheka. Sista naye akacheka kidogo. Akarudia: msikose.

Jumatatu akafa mzee Nigusse. Jumanne saa nne Sista anafika getini kwangu, mimi natoka na sufuria kichwani, wenzangu wote wameshatangulia makaburini.

"Sista, leo kuna mazishi."

"Hata watatu tu, mama. Hata nusu saa."

"We binti, kwani wewe si wa hapa? Mtu kafa!"

Akasimama pale, akafungua mkoba, akanipa karatasi iliyokunjwa. "Basi ibandikeni mahali ambapo kila mtu ataiona," akasema. Mikono yangu ilikuwa imejaa. Nikaichomeka kwenye sanduku la vikombe, nikaenda kumzika Nigusse. Jioni tukaosha vikombe, tukavirudisha sandukuni, na mgongo ulikuwa unaniuma. Baada ya mwezi Sista akahamishiwa wilaya nyingine. Hakuna aliyeulizia somo la pili. Tulishajiona tumehitimu.

Na tulifanya kazi, asinidharau mtu. Kila Alhamisi tulikutana uani kwangu, kahawa chungu, mashine ndogo ya kupimia damu mezani. Zenebech akawa mtaalamu wa kutoboa vidole. Yeshi hakuwa na jokofu, tukamtengenezea chungu cha udongo ndani ya kingine, katikati mchanga wenye maji, insulini ikakaa baridi. Kila asubuhi mmoja wetu alikwenda kusimama juu ya kichwa chake mpaka achome. Mara nyingi nilikuwa mimi. Namba yake ikatoka mia tatu na kitu ikafika mia na arobaini. Siku ile nilipiga vigelegele mpaka Jemal akatoka dukani kwake kuuliza nani anaolewa.

"Wewe Asnaku ungekuwa askari jela," Yeshi akaniambia, "wangeshakupandisha cheo. Na kahawa yako chungu kama mawifi."

"Kunywa, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

"Mimi mwanao tangu lini? Nimekuzidi miaka miwili!"

Lakini alikuwa anatudanganya. Kwenye harusi tulimkuta nyuma ya jiko na mkate wa asali, mashavu yamejaa, anaapa kwa Mikaeli kwamba hajala kitu. Mara nyingine biskuti chini ya mto. Nikaenda nyumbani kwake nikatoa kila kitu kitamu, sukari, asali, hata ndizi zilizoiva, nikagawa. Akanitukana weee, kisha akaniandalia kahawa. Ndivyo tulivyokuwa.

Ikaja siku ya Mikaeli, mwezi ule wa baridi kali baada ya Krismasi. Tumekaa wanawake kumi na wanne, Yeshi akainama kuchukua kikombe, fundo la shali yake likagonga meza, ka! Nikalishika. Nikalifungua. Pipi nne.

"Haya! Siku za mwizi arobaini!" nikasema. Wote wakaangua kicheko.

"Acha hizo," Yeshi akasema. Hakucheka. "Daktari wa kliniki kaniambia nitembee nazo. Nikihisi natetemeka ninyonye moja."

"Daktari wa sukari akupe pipi? Yeshi, tuheshimu kidogo."

"Naapa kwa Mikaeli."

"Usimtie Mikaeli kwenye pipi! Ulimwapia na mkate wa asali mdomoni!"

"Ule nilidanganya. Hili sidanganyi. Asnaku, kuna kushuka pia, mimi huwa nakusikia kunakuja, miguu inakuwa kama si yangu..."

"Inashuka kwa sababu tunaishusha! Ndiyo kazi yetu!" Nikamenya pipi moja, nikaitia kinywani mwangu mbele yake, nikainyonya. Nyingine tatu nikawapa watoto waliokuwa uani. Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Yeshi akakunja shali yake, akanyamaza. Yeshi kunyamaza! Ningekuwa na akili ningeshtuka.

Badala yake nikasimama. Nikasema leo ni siku ya Mikaeli, na hapa tutakula kiapo. Hakuna nyumba ya idir hii itakayompa Yeshimebet sukari, wala asali, wala kitamu chochote, hata akilia, hata akitukana. Mkono juu. Mikono kumi na mitatu ikainuka, mmoja mmoja, kila mtu akataja jina la Mikaeli. Zenebech alichelewa kuinua.

"Etye, tusingemuuliza kwanza mtu wa kliniki?"

"Inua mkono, mwanangu."

Akainua. Kisha nikavuka barabara mpaka dukani kwa Jemal. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mimi siapi kwa Mikaeli, mama," akasema, "lakini neno langu ni neno. Kwangu hapati." Na kwetu kiapo hakichezewi. Mtu anaweza kukudanganya uso kwa uso na akala vizuri jioni, lakini kilichoapwa kwa Mikaeli mbele ya idir, atakufa nacho. Nilijua hivyo. Ndiyo maana nilichagua kiapo.

Kwaresima ikaingia. Sisi hufunga siku hamsini na tano, hakuna kitu kinachopita kooni mpaka alasiri, na nyama na maziwa hatugusi kabisa. Baba wa kiroho wa Yeshi alimkataza: mgonjwa hafungi, ale asubuhi. Akala. Lakini ilimuuma. Mwanamke aliyefunga tangu akiwa na miaka saba, unamwambia ale uji wakati mtaa mzima una njaa! Jumapili ya Matawi tukaenda kanisani sote. Siku hiyo makuhani huwasomea walio hai sala ya maziko, kwa sababu Wiki ya Mateso inayofuata haina sala ya maiti. Atakayekufa ndani yake huzikwa kimya.

"Nimeshasomewa," Yeshi akaninong'oneza, amejifunga jani la mtende kichwani. "Sasa nikifa mnanitupa tu kama viatu vibovu."

"Huna haya. Hirut anakuja Jumamosi."

"Anakuja," akasema, na uso wake ukawa wa msichana. "Nimeshapaka chokaa ukuta. Nataka akute mama aliyefunga hata wiki moja, Asnaku. Hata wiki moja."

Nilisikia maneno hayo. Nilidhani ni maneno tu.

Jumanne asubuhi nilikwenda kwake kusimamia sindano. Katika wiki ile hatubusiani wala hatushikani mikono, kwa ajili ya busu la Yuda, hivyo nilisimama mlangoni. Akachoma dozi yake yote, akaninyooshea bomba tupu. "Umeridhika, askari jela?"

"Utakula?"

"Nitakula."

Hakusema lini, na mimi sikuuliza. Hakuna mtu anayeulizana habari za chakula Wiki ya Mateso. Nilirudi kwangu kuchambua dengu, yeye akaenda kanisani. Baadaye waliniambia alikuwa mstari wa mbele, anasujudu na kuinuka, anasujudu na kuinuka, mara themanini, mara mia, na tumbo tupu.

Kama saa tano alitoka. Alikwenda kwanza kwa Jemal. Jemal anasema alikuja anatoka jasho, na huku kwetu Debre Birhan saa tano bado tunapuliza mikono kwa baridi. Akaonyesha gunia la sukari kwa kidole.

"Etye, nimeahidi," Jemal akamwambia. "Nisamehe. Njoo upumzike, ukae."

Hakukaa. Akaenda kwa Zenebech. Zenebech alikuwa anafua, akamwona anayumba, akamsikia anaomba asali. "Etye Yeshi, unataka nivunje kiapo wiki hii ya leo? Mikaeli atanipasua!" Akacheka, akamfungia mlango taratibu. Zenebech anasema alicheka. Anairudia hiyo kila anaponiona.

Kisha akaja kwangu. Aliupiga mlango kwa bega. Shali imeburuta, uso una rangi ya majivu, shingo imelowa. Macho yalinitazama kama hayanijui.

"Asna... nipe."

"Nikupe nini?"

"Ile... ile... nyeupe. Nyeupe, we mbwa!"

Ulimi ulikuwa mzito. Maneno yalitoka yamelegea, kama ya wale wateja wake wa jioni. Nikajua, nikadhani najua: kaonja pipa. Wiki ya Mateso, saa tano asubuhi, binti yake yuko njiani, amelewa! Hasira ilinipanda mpaka nikasikia masikio yanawaka.

"Umekunywa! Yeshimebet, umekunywa!" Nilipiga kelele hivyo, na mlango ulikuwa wazi.

Akanipita. Akaifikia rafu, akalishika kopo langu la sukari, lile la bati lenye kifuniko kigumu. Akakivuta kifuniko. Vidole vilikuwa vinatetemeka, haviwezi. Akalibana kifuani, akakiuma kwa meno. Nikalishika kopo upande wa pili. Tukavutana pale jikoni, wanawake wawili wazima na mvi zetu, yeye analia bila machozi, mimi namwita majina. Nina nguvu kuliko yeye. Kifuniko kikafunguka katikati ya mvutano, sukari ikamwagika chini, ngumi moja hivi, haizidi.

Akapiga magoti. Akainama kuilamba kwenye sakafu.

Na mimi nikamshika kwapani nikamwinua. Ulimi wake haukuwa umefika chini. Nasema hivi kwa sababu nimeipima sakafu ile kwa macho kila siku tangu siku hiyo. Ilikuwa imebaki kama shubiri moja.

"Aibu hii sitaacha mtu aione," nikamwambia. "Twende ukalale, pombe ikutoke." Miguu yake ilikuwa inaburuta. Nikamlaza kitandani kwake, nikamfunika blanketi mbili, akawa ameanza kukoroma. Nikaona heri, amelala. Nikafunga mlango kwa nje kwa kufuli lake mwenyewe, ili wateja wasimkute katika hali ile, nikafagia sukari jikoni kwangu, nikavaa nguo nyeupe, nikaenda kanisani kusujudu. Nilimwombea, msinicheke. Nilimwombea aache ulevi.

Saa kumi na moja nikafungua kufuli. Alikuwa bado anakoroma, lakini mkoromo umebadilika, una maji ndani. Nikamwita. Nikampiga kofi la shavuni. Shuka lote limelowa jasho. Nikapiga yowe, wakaja Zenebech na wengine, tukampakia kwenye bajaji, kichwa chake mapajani kwangu, mpaka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Akamtoboa kidole, akatazama mashine, akaitazama tena. Haikutoa namba. Iliandika tu kwamba sukari iko chini mno haipimiki. Wenzangu waliokuwa kanisani asubuhi wakamweleza alivyosujudu bila kula baada ya sindano.

"Aliomba kitu kitamu? Kuna aliyempa sukari?"

Nami, Mungu anisamehe, nikajinyoosha. "Hata chembe, daktari!" nikasema. "Mtaa mzima tumekula kiapo. Aliomba nyumba tatu, hakupata hata chembe!"

Daktari alikuwa anatafuta mshipa, sindano mkononi, akanyanyua kichwa akanitazama. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

"Alichoma insulini, akafunga kula, akasujudu," akasema polepole. "Sukari yake iliisha mwilini, mama. Ikiisha, mtu anatetemeka, anatukana, anayumba kama mlevi. Saa tano pale, kijiko kimoja kingemrudisha."

Walimmiminia maji ya sukari mshipani. Namba ikapanda. Yeye hakurudi nayo. Saa moja na nusu akakata roho, na mimi nimeshika mguu wake, ule mguu niliouahidi.

Tukamzika kesho yake bila sala, bila kengele, kama alivyosema. Asubuhi ya mazishi nilikwenda kwenye sanduku la bati kutoa vikombe. Chini kabisa, chini ya sini ya mwisho, kikombe kidogo cha kahawa, nikaikuta karatasi ya Sista Meseret. Nilikuwa nimeisahau, naapa, ingawa sijui sasa niape kwa nani. Nikaikunjua. Hata kusoma haikuhitaji, ilikuwa picha. Mtu anatoka jasho. Mtu anatetemeka. Mtu anayumba, na pembeni wameandika: usidhani amelewa. Na mkono mmoja unampa mwingine kijiko.

Nikaiweka kifuani. Nikapanga vikombe.

Zenebech alikuja nyuma yangu. "Etye, tuliapa wote," akasema. "Usijibebeshe peke yako."

"Nani aliwaapisha?"

Akachukua sini akaondoka.

Hirut alifika Jumamosi na sanduku lake kubwa. Walikuwa wamemwambia kwenye simu akiwa uwanja wa ndege. Alipoingia kwenye hema hakukumbuka kwamba wiki ile hatubusiani. Alinipigia magoti akanibusu mikono yote miwili, mbele ya watu. "Etye Asnaku, asante. Mama alikuwa ananiambia kila wiki, Asnaku ananilinda kuliko polisi. Asante kwa kumlinda." Kisha akafungua sanduku, akatoa kopo la pipi. "Hizi hazina sukari," akasema. "Nilimtafutia. Mtu wa kisukari anaruhusiwa." Akawa hajui aliweke wapi.

Wanawake wote walitazama vikombe vyao. Ningeweza kunyamaza. Idir nzima ingenyamaza nami, tunajua kufunika. Nikaitoa karatasi kifuani nikampa.

Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. "Hii mlipewa lini?"

"Kabla ya Krismasi. Nilipewa mimi."

"Na nimesikia mlango ulifungwa."

"Nilifunga mimi. Kwa nje."

"Na alikuja kwako kuomba."

"Alikuja. Kopo alikuwa ameshalishika."

Alinitazama. Ana macho ya mama yake, ila hayana utani. "Etye," akasema, "nilikukabidhi."

Basi. Akaikunja karatasi vizuri kwa mikunjo yake ileile, akanirudishia, akanyanyua kigoda chake akaenda kukaa mwisho wa hema, karibu na Jemal, ambaye alikuwa analia tangu asubuhi bila kujificha. Siku ya pili ilikuwa Pasaka. Wiki mbili baadaye aliondoka, na ua wetu ni mmoja, lakini alitokea mlango wa nyuma.

Karatasi nimeibandika ukutani kwangu, watu wote waione. Nani wa kuiona? Alhamisi naweka mashine mezani, natoa vikombe, nachoma kahawa. Zenebech alikuja mara mbili akaacha. Gashe Tefera anapita na magongo yake upande wa pili wa barabara. Nimesikia anaumwa tena, na amewakataza wanawe wasiniambie. Kuna mama mmoja wa mtaa wa juu, amegunduliwa ana kisukari mwezi uliopita, ameficha. Nimetuma salamu, akajibu yeye mzima, anaishukuru idir. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyokuwa tukisema zamani kwenye kikao. Sasa wanaona heri kuumbuliwa na kifo kuliko kuangaliwa na sisi.

Nawangoja hivyo hivyo. Mlango wangu siufungi mpaka giza liingie. Kopo liko kwenye rafu ileile, ila rafu nimeishusha, mtu aliyepiga magoti analifikia. Kifuniko nimekitupa. Sisimizi wanaingia, nawaacha wale.